Ringi Haikugongwa

Ipo siku moja ya utoto wangu ambayo hunijia hata nikiwa nachambua mchele, mwanangu, na wiki hii imenijia tena kwa sababu ya mjukuu wangu Hamisi. Alikuja likizo kutoka chuo, akaniamkia vizuri shikamoo bibi, nikaitikia marahaba, kisha akarudi kwenye simu yake kama kawaida yenu. Baadaye akanisomea habari kwamba mataifa makubwa yanatengeneza mabomu ya nyuklia madogo madogo. Nikashika kichwa.

"Bibi, usiogope," akasema. "Haya si yale ya kufuta mji mzima. Ni madogo, yanapiga sehemu moja tu, vita inaisha."

Ni mtoto mzuri na alikuwa anarudia alichosoma. Ila neno hilo "dogo" lilinichoma, maana nimewahi kulisikia.

Baba yangu alikuwa fundi wa kupasua mawe hapa Pasiansi, kando ya ziwa. Unavijua vilima vyetu, mawe yamepandana tangu enzi, moja limekaa juu ya jingine na hujui linashikiliwa na nini. Kazi nyingi baba aliifanya kwa moto na nyundo. Baruti aliiogopa. Ilipobidi kuitumia, aligonga ringi ya lori iliyoning'inia kwenye nguzo nje ya nyumba yetu, na mtaa mzima ulishuka mpaka barabarani, wazee, watoto, hata kuku wakiwa wamefungwa miguu. Mama Kabula, jirani yetu wa chini ya kilima, alikuja na sufuria yake ya maharage kichwani ili yasiungue, na watu walimcheka. Kwa usumbufu huo, miezi na miezi ilipita baba hajalipua kitu.

Kisha akajifunza kuigawa baruti vipande vidogo. "Hii ni ya jiwe moja tu," alikuwa akisema, na kweli mlio wake ulikuwa kama mlango uliobamizwa na upepo. Mwanzoni aligonga ringi. Watu wakachoka kushuka kila mara, naye akachoka kugonga. Mawe ambayo zamani angeyapiga nyundo kutwa nzima, sasa aliyalipua kabla ya chai. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alipoacha kuogopa, aliacha pia kufikiri.

Kabula alikuwa rafiki yangu. Asubuhi hiyo alikuwa jikoni kwao anakoroga uji, mimi namsubiri nje ya nyumba yetu twende ziwani kuchota maji. Nikasikia mlio mdogo. Jiwe la baba lilipasuka katikati, vile vile alivyotaka. Lakini lilikuwa limeshikilia lile kubwa la juu yake, na hilo la juu likatulia kidogo, likainama, likaanza kushuka. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Likapita juu ya jiko la Mama Kabula.

Sitakueleza tulichokikuta. Nina umri huu na bado siwezi.

Msibani baba alikaa chini mbele ya yule mama, akirudia kwamba baruti ilikuwa ndogo, ilikuwa ndogo sana. Mama Kabula hakumtukana. Alimwambia, "Baba Zuhura, ungetugongea ringi tu, tungetoka."

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kilimani hakupanda tena, na sikumwona akicheka kutoka moyoni. Zuhura huyo ni mimi, na mpaka leo nalia nikiikumbuka ile sauti ya upole ya Mama Kabula.

Sasa sikia, mwanangu. Bomu kubwa watu wanaliogopa, na woga huo umezuia mikono mingi. Ukilifanya dogo, kinachopungua kwanza ni woga. Atatokea kiongozi mahali fulani aseme hili ni la kambi moja ya jeshi tu, na akilitupa, aliyepigwa hatakaa kupima ukubwa wake, atajibu kwa alilonalo. Hapo ndipo mawe ya juu yanapoanza kushuka, na hakuna wa kuyarudisha. Tena hilo wanaloliita dogo usilifananishe na baruti ya baba. Linaunguza watu wengi kwa mara moja, na sumu yake inabaki ardhini na majini, upepo unaipeleka kwa watu wasiojua hata ugomvi ulianzaje. Sisi wa ziwa hili, maji tunayovulia ndiyo tunayokunywa.

Haya yote nilimweleza Hamisi jana. Akaiweka simu pembeni, akaniuliza, "Sasa bibi, mtu kama mimi nitafanya nini?"

Nikamwambia, "Ukimsikia mtu anasema ni dogo, muulize nani anakaa chini ya kilima."

Na wewe, mwanangu, ukiitwa kesho kwa elimu yako ulitengeneze bomu hilo, kataa. Ukikaa na wanaolisifia, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mshamba. Mungu akupe uzee wa kuwachosha wajukuu kwa hadithi, asikuoneshe alichokiona Mama Kabula, na mkono wako usichoke kuwagongea watu ringi wakiwa bado wana muda wa kutoka.