Mahari ya Sungura

Naandika hii nikiwa bado nimeficha uso. Kanisani kwetu Kitale nilipewa watoto wa gredi ya tatu niwafundishe kulinganisha hadithi mbili: ya sungura wa kitabuni, na ile kukhu, nyanya yangu wa Naitiri, alinisimulia nikiwa mdogo. Mimi huogopa hata kuitikia jina langu darasani, kwa hivyo nilijiandaa wiki nzima. Ubaoni nikaandika: “Sungura wa kitabu anatafuta mahali pa kulala. Sungura wa kukhu anatafuta mahari, anataka kuoa.”

Kukhu mwenyewe alikuwa amekuja kunisikiliza, yuko benchi ya nyuma. Mtoto mmoja akamgeukia. “Kukhu, sungura alioa nani?”

“Kuoa? Si arikuwa ananyeshewa, bana! Arikuwa anatafuta mahari pa kurara!”

Miaka hiyo yote nilisahau kwamba kwa kukhu l na r ni kitu kimoja.

“Ticha,” mtoto akauliza, “kwani hadithi ni moja?”

Darasa likaangua kicheko. Nikatazama mlango. Kukhu akasogea, akapapasa benchi kando yake.

“Kuja, mama. Mahari pako ni hapa.”