Nilitoa giaboksi ya otomatiki kwa sababu ya mkono wangu wa kushoto

Nificheni jina, na kijiji msikitaje. Semeni tu ni mzee wa huku juu, upande wa Olenguruone. Nina miaka sitini na moja, nalima viazi na nafuga ng'ombe wachache wa maziwa. Mke wangu alifariki mwaka jana. Mtoto wetu ni mmoja, binti, anafanya kazi Naivasha kwenye ofisi ya shamba la maua. Kwa hivyo nyumba hii ni yangu mimi na redio. Wanasema mficha uchi hazai, basi leo nawaambia watu nisiowajua jambo ambalo hata mchungaji wangu halijui.

Tuna gari kuukuu, stesheni wagon ya otomatiki. Mke wangu aliiendesha kupeleka maziwa, na ndani yake alimfundisha binti yetu kuendesha, shambani mahindi yakishavunwa. Tukiwa wawili, mimi ndiye niliyeshika usukani. Sasa mjue huku kwetu mwanamume wa rika langu hamshiki mkewe mkono mbele za watu. Sokoni mimi natangulia, yeye yuko nyuma na kikapu. Lakini gari ya otomatiki ukishaiweka kwenye D, mkono wa kushoto hauna kazi. Siku moja tukishuka Nakuru aliuchukua huo mkono, akauweka juu ya goti lake, akaendelea kuniambia habari za ndama kana kwamba hajafanya kitu. Tangu siku hiyo tulisafiri hivyo. Tukikaribia soko la Keringet anauachia, tukipita duka la mwisho anauchukua tena. Hatukuwahi kulizungumzia, maana mimi si mtu wa maneno hayo.

Alipofariki, gari ilinishinda. Nikipita tu Keringet, mkono ulikuwa ukijitoa wenyewe kwenye usukani, unaenda upande wa pili, unakuta kiti baridi. Nilijaribu kuukalia huo mkono. Nikaweka gunia la viazi kwenye kile kiti. Mtanicheka, chekeni tu, lakini upweke una mambo yake.

Basi nikaipeleka kwa fundi wetu Nakuru, nikamwambia atoe giaboksi ya otomatiki aweke ya gia za mkono. Alinitazama kwanza.

"Mzee, hii auto iko sawa. Ina-slip kidogo tu, nikikubadilishia oil na filter itakusukuma miaka. Watu wanakimbilia auto, wewe unarudi manual?"

"Weka manual."

"Ni kazi, mzee. Clutch, pedali, hata hii floor itabidi nitoboe."

"Toboa."

Akatoboa. Ile ya zamani nilirudi nayo, iko stoo kando ya magunia ya mbegu, nimeifunika turubai. Majirani walipouliza, nikasema giaboksi ilikufa. Wakanitania kwamba mzoea punda hapandi farasi, nami nikacheka nao. Na kusema kweli nilipata nafuu. Barabara yetu ni milima na kona, kwa hivyo mkono ukapata kazi: gia ya pili, ya tatu, rudi ya pili.

Disemba binti yangu akaja nyumbani. Akachukua ufunguo ili aende kununua maua ya kupanda kaburini. Akafungua mlango, akaketi, akaona pedali tatu. Yeye gia za mkono hazijui. Anajua alichofundishwa na mama yake.

"Daddy, umefanya nini na gari ya Mum?"

"Gearbox ilikuwa imekufa."

Kumbe namba ya fundi anayo, akampigia palepale uani. Alipoingia jikoni alikuwa analia.

"Amesema haikuwa imekufa. Amesema ni wewe ulisisitiza. Daddy, hiyo ndiyo kitu pekee nilikuwa nimebaki nayo ya Mum. Kama hukutaka niiendeshe, si ungesema tu?"

Ningemwambia nini? Kwamba baba yake, anayemjua kwa kukagua ripoti za shule na kugombeza vibarua, alikuwa anashikwa mkono kutoka huku hadi Nakuru kama kijana wa posa? Nikamwambia, "Gari ni yangu." Katika maneno yote yaliyoko duniani, nikachagua hayo. Kesho yake asubuhi akarudi Naivasha.

Siku hizi hunipigia Jumapili baada ya kanisa. "Daddy, umekula?" Nimekula. "Ng'ombe ziko sawa?" Wako sawa. "Haya basi." Anakata, nami nabaki nimeshika simu sikioni. Yeye ndiye mtu niliyebaki naye, na tunaongea kama watu waliokutana kwenye foleni.

Fundi anasema anaweza kuirudisha ile ya otomatiki, na niko tayari hata kesho. Lakini nikiirudisha bila neno, gari itapona na binti yangu ataendelea kuamini nilitaka kumfuta mama yake. Tena kuna jambo ambalo sikulitarajia. Wiki iliyopita nilishuka Nakuru. Ukishapita Njoro barabara inanyooka. Nikaingiza gia ya mwisho, mkono ukakosa kazi, ukaenda kulekule. Nimeitoboa gari bure.

Ninyi mabinti mnaosoma hapa, mlio na baba wa aina yangu, nawauliza ninyi hasa. Mngetaka kuyasikia haya kutoka kinywani mwake, au mngeona aibu kwa niaba yake? Kama mngetaka, nifundisheni sentensi ya kwanza tu, nyingine nitajikokota nazo. Jumapili atapiga kuniuliza kama nimekula. Nianzie wapi?