Taa Imezimwa, Twendeni Newala

Juzi, kwenye gereji moja pale Mkomaindo, niliona jambo ambalo bado linanishtua. Basi dogo la dizeli tulilopanda kwenda Newala lilikuwa limewasha taa ya injini. Fundi akachomeka kipimo chake cha bei nafuu chini ya usukani, akasoma kioo cha kipimo hicho.

“Presha ya dizeli inashuka. Pampu imechoka.”

“Taa inaweza kuzimika?” dereva akauliza.

“Kuifuta naweza. Pampu ni kazi ya kesho.”

“Futa. Abiria wanaiogopa.”

Fundi akabonyeza, taa ikazimika. Dereva akapiga makofi. “Limepona! Twendeni!”

Huo mlima wa Newala tunaujua, na gari likikosa nguvu kwenye kona linarudi nyuma.

Mama mmoja wa Kitangari, aliyetoka hospitali na kichanga, akashuka, akamwambia dereva. “Baba, nesi alipoona homa ya mwanangu alimpa dawa. Hakuvunja kipimajoto.”

Baadhi yetu tukamfuata. Dereva akamgeukia fundi. “Waambie basi, taa si imezimika?”

“Imezimika,” fundi akajibu, akikunja waya wake. “Mlimani itawaka yenyewe.”

Waliobaki ndani wakaanza kutafuta viatu vyao.