Chupa Haikufika Mstari

Asubuhi ile nilitoka Manga bila kujua naenda wapi. Kwangu si jambo geni. Mtu aliyeishi kama mimi, leo anapakia ndizi Kisii mjini, kesho anasukuma mkokoteni mji usiomjua, miguu yake huamka kabla ya kichwa. Lakini siku hiyo begi langu lilikuwa zito kuliko kawaida. Nilipokuwa naoga, babu alikuwa amelifungua akaweka ndani glasi mbili, amezifunga kwa sweta la marehemu nyanya. Nilimkuta mlangoni akinoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa, na nilipomuaga akasema tu, "Njia ina utelezi."

Nikashuka mlima. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba, na kila nilipoteleza kidogo, glasi ziligongana ndani ya begi. Mlio huo mdogo ulinirudisha nyuma miaka mingi.

Glasi hizo nyanya alizawadiwa siku ya harusi yake. Karibu na mdomo zimezungukwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Sisi wajukuu hatukuruhusiwa kuzinywea hata maji. Zilikaa kabatini, mdomo chini, na zilitoka mara moja tu kwa mwaka, siku ya bonasi ya chai, wakulima wakilipwa ziada ya mwaka.

Sijui kama unaikumbuka harufu ya siku ya bonasi. Kwetu ilianza kijiji kizima kikinuka nyama. Nyanya alikuwa amechemsha chinsaga, ile mboga chungu ya mgagani, tangu jana yake na kuilaza ndani ya maziwa ili uchungu upungue, na ugali wa wimbi ulikuwa mweusi na mzito, unang'ang'ania mwiko. Redio za majirani zote zilifunguliwa kwa sauti kubwa, kila moja ikiimba lake. Sisi tulikuwa tumevaa viatu vipya ndani ya nyumba, tukiogopa kuvikanyagisha tope.

Mchana ukipinda, jirani yetu alifika. Shamba lake la chai na letu yalitenganishwa na mtaro tu, na yeye na babu walikuwa wamechuma pamoja tangu ujana. Alikuja na chupa moja ya bia mkononi. Moja tu, ya watu wawili. Mwaka mmoja alinunua yeye, mwaka uliofuata babu. Nilikuwa mtoto wa kuuliza uliza, basi nikamuuliza babu kwa nini kila mtu asinunue yake. Akaniambia kwamba zamani wazee walikunywa busaa kutoka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wote wakitazama kitako kile kile. Chungu kimekwisha, akasema, imebaki chupa. "Mtu akinywa chake peke yake, atajuaje kama mwenzake ametosheka?"

Nyanya alikuwa Msabato, na pombe haikuingia chini ya paa lake. Wazee walikaa nje, kando ya zizi, penye vikapu vya chai. Ila glasi alizisafisha yeye mwenyewe kwa majivu na maji moto, akawapelekea huku uso ameugeuza pembeni, kama mtu anayebeba panya aliyekufa.

"Mama, lete basi!" jirani, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa akimwita kutoka mbali. "Mungu wenu anapumzika Jumamosi, wetu Jumapili. Leo Alhamisi yuko kazini, hana nafasi ya kututazama."

"Hata aliye kazini ana macho," nyanya alimjibu, na ndivyo walivyojibizana mwaka baada ya mwaka.

Chupa ilifika ikiwa imeshafunguliwa. Mwenye baa hakukubali itoke kwake na kizibo, kwa sababu wazee walizoea kufungulia kwenye jiwe na kuvunja midomo ya chupa. Basi alifungua mwenyewe, na mdomo ukazibwa kwa jani kavu la mgomba lililosokotwa. Zile zilizowahi kupasuka midomo alizikataa, na nyanya akazichimbia mbele ya nyumba, shingo chini, kuzunguka maua yake. Watu wa kanisa lake walimcheka. Alisema chupa haina dhambi, dhambi ilishanywewa.

Kisha ikaja kazi ya kumimina. Mmoja alimimina, mwingine akachagua glasi ya kwanza, ili asiwepo wa kulalamika. Walimimina polepole, wakangoja povu litue, wakaongeza. Mwishowe bia ilifika kwenye ule mstari mwekundu, glasi zote mbili, na chupa ikabaki tupu. Mwaka baada ya mwaka.

"Imefika," jirani alisema.

"Imefika," babu aliitikia.

Ndipo walipokunywa. Nadhani neno lile waliliona tamu kuliko bia yenyewe.

Mwaka huu haikufika.

Nilirudi nyumbani juzi baada ya kupotea muda mrefu, nikakuta njia inayovuka ule mtaro imeota nyasi. Hilo lilinishtua kuliko kaburi la nyanya, maana kaburi nililitarajia. Babu alinieleza vipande vipande, kama mtu anayetoa mwiba. Siku ya bonasi ilikuwa zamu ya jirani. Alikuja na chupa yake na jani mdomoni, wakaketi pale pale. Babu akamimina. Povu likatua, chupa ikaisha, na glasi zote mbili zikasimama chini ya mstari, upana wa kidole.

"Omogaka, umeonja njiani," babu alisema. Omogaka ni mzee, na kwa kawaida waliitana hivyo kwa utani.

"Mimi?"

"Kwani chupa ina miguu? Ameinywa nani?"

"Tumechuma chai pamoja tangu hatujaota ndevu, leo nikuibie mafunda mawili ya bia?"

"Sijasema wizi. Nimesema umeonja."

Jirani alisimama, akaiacha glasi yake bila kuigusa. Tangu hapo hakuvuka mtaro. Baadaye alihamia kwa binti yake, upande wa Nyacheki. Watu walisema ni magoti yanayomsumbua.

Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Nilikwenda baa nikanunua chupa moja. Mama anayeuza siku hizi aliniambia kwa furaha, "Bei haijapanda hata shilingi, ndugu yangu. Shukuru Mungu." Nikaibeba hadi nyumbani, nikang'oa chupa moja ya kale kutoka kwenye maua ya nyanya, nikaiosha udongo na kuijaza maji. Babu akasogea karibu. Nilimimina yale maji ndani ya glasi mbili. Yalifika mstari. Nikayamwaga, nikamimina bia ya chupa mpya. Upana wa kidole.

Nilimpa babu chupa zote mbili azishike. Kwa mbali zilikuwa pacha, urefu ule ule. Lakini mpya ilikuwa imebanwa kiunoni, na kitako chake kilikuwa kimeingia ndani. Babu alitumbukiza kidole gumba kwenye lile shimo la kitako, akakiacha humo.

"Kama gorogoro," alisema.

Nilijua anamkumbuka nani. Nyanya alikuwa akinunua maharagwe soko la Nyaramba, na kabla mchuuzi hajampimia kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, aliingiza mkono mzima ndani kuupapasa ubavu na kitako, maana wapo wanaoibonyeza kwa nyundo. Alipenda kusema, "Kipimo kikiharibika, anayeitwa mwizi ni aliye karibu." Nilidhani ni maneno ya sokoni tu.

Nakwambia ukweli, rafiki yangu, nimechoka. Sabuni imekonda, mkate umekuwa wa kupulizwa na upepo, pakiti ya majani ya chai, sisi tunaoichuma wenyewe, inatikisika kama njuga. Bei iko pale pale, na muuzaji anataka umshukuru. Wangepandisha bei, wale wazee wangeketi kando ya zizi na kukilaani kiwanda cha bia kwa sauti moja, kisha wakanywa. Lakini walipunguza kimya kimya, na ule upungufu ukawakuta watu wawili na chupa moja. Kiwanda kiko mbali. Jirani alikuwa karibu.

Babu hakusema ataomba msamaha. Alisema amechoka, akaingia ndani. Asubuhi ndiyo nikazikuta glasi.

Kwa hiyo nilitembea, nikijiambia sina ninapokwenda. Chini barabarani nilipata lori la ndizi, nikalala juu ya mikungu hadi Kisii mjini. Hapo ningeweza kuelekea popote. Nilisimama, nikanywa chai, nikasikia glasi zikigongana nilipoinua begi. Nikapanda boda boda ya kwenda Nyacheki, mahali nisipowahi kukanyaga.

Jua lilikuwa linashuka nilipoelekezwa kwa mama aliyekuwa akirudi na kikapu cha chai mgongoni. Kumbe ndiye binti mwenyewe. Baba yake alikuwa uani akipura maharagwe kwa fimbo fupi. Alinitambua kwa mwendo.

"Wewe bado hujatulia tu?"

"Bado, mzee."

Nilimweleza habari ya chupa na maji, na kitako kilichoingia ndani. Alisikiliza huku akiokota maharagwe yaliyoruka. Nilipomaliza aliweka fimbo chini.

"Siku ile niliporudi nyumbani," alisema, "niliifuata njia yote nimeinama. Nilidhani jani limevuja. Nilitafuta mahali udongo umelowa." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Sikupaona. Nikaanza kujiuliza, labda nilionja kweli. Mzee husahau. Ndiyo maana sikurudi kumjibu."

Nikatoa sweta, nikazifungua glasi.

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Ameziweka tu kwenye begi."

Alicheka, mara ya kwanza. "Huyo ndiye. Angesema neno, ningejua anaumwa." Akachukua glasi moja, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya mstari. "Hii itabaki kwangu. Ile umrudishie. Mwambie magoti haya hayapandi Manga tena, lakini hakuna kitu moyoni. Siku ya bonasi anunue yake huko, nami yangu hapa. Tutafika mstari sote."

"Na itakayobaki kwenye chupa, mzee?"

Aliigeuza tena glasi mkononi. Chupa mpya inajaza glasi moja, na inabaki karibu glasi nyingine nzima.

"Hiyo," alisema, "sijui atainywa nani."

Binti yake alinitandikia kwenye chumba cha vikapu, blanketi juu ya magunia, pakinuka majani mabichi ya chai. Aliniambia nikae siku nitakazotaka, kazi ya kuchuma haikosekani. Niliweka begi chini polepole kwa mazoea, nikingoja mlio. Haukuja. Glasi iliyobaki haikuwa na ya kugongana nayo.