Inzi Wasiozaa wa Kidahwe

Mwanangu, kaa chini unisikilize, na leo usitarajie sauti ya upole. Kuna asubuhi moja kijijini Kidahwe ambayo nikiikumbuka damu bado inanichemka.

Nilikuwa mke mchanga, mimba yangu ya kwanza imeshaanza kuonekana. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanamiminika kutoka Burundi, malori yanapita barabara ya Kasulu yamejaa watu na magodoro. Miaka hiyohiyo akaingia inzi mgeni kwenye maembe yetu. Jike hutoboa tunda na kutaga ndani. Ukija kulikata, funza watupu. Wachuuzi wa Kigoma mjini walikuwa wanashuka, wanapasua embe moja, wanaondoka bila kuaga.

Bwana shamba akaita mkutano, na mimi nilikuwepo. Alitueleza taratibu: wataalamu wanafuga inzi haohao mbali, wanawapitisha kwenye mionzi wakiwa bado ndani ya maganda yao, halafu madume wanaletwa kuachiliwa mashambani. Madume hao wanaruka na kutafuta majike kama kawaida, ila mbegu yao haizai. Jike akipandwa, mayai yake hayaanguliwi. Wakiachiliwa wengi, tena na tena, nasi tukifukia matunda yaliyooza, kizazi kinapungua. Mtu akauliza kama mionzi itatuambukiza.

"Ulipopigwa picha ya kifua hospitali, ulirudi na mionzi nyumbani?" bwana shamba akamjibu. Watu wakacheka, tukaelewa.

Zabuloni alikaa mstari wa mbele. Huyu aliuza dawa za kupulizia wadudu pale stendi. Alisikia kila neno, mwanangu. Kila neno.

Kazi ya kufungua maboksi ya inzi alipewa Spesioza, Mrundi aliyeingia kwa mtumbwi kupitia Kagunga, kule mpakani, akiwa msichana, akaolewa kwetu, akafiwa na mume, akabaki nasi. Ukimwomba lolote anacheka, anakujibu "nta kibazo", hakuna shida, na kweli anakufanyia.

Haikuchukua muda, maneno yakaanza stendi. Inzi wasiozaa wameletwa kutufunga vizazi. Mbona kazi kapewa Mrundi? Wanataka sisi tusizae, wao waijaze ardhi. Yalitoka kwa Zabuloni, na vijana wa rika lako wakayabeba kama yalivyo.

Asubuhi hiyo tukasikia kelele shambani kwa mama mkwe wangu, Bi Tereza, mkunga wa kijiji. Tulipofika, maboksi yanaungua, Spesioza yuko chini, mkono umevunjika, na wengine bado wameshika fimbo.

Bi Tereza alikuwa mtu wa sauti ndogo. Siku hiyo aliwapasukia.

"Nani kamvunja mkono? Aseme!"

Kisha kijana mmoja akajikaza: "Bibi, huyu anatufunga vizazi."

"Umeyapata wapi?"

"Watu wanasema."

"Watu! Wewe umetokea kwenye mikono yangu hii, mama yako akipiga mayowe, leo unakuja kunifundisha uzazi?"

Akachukua boksi moja lililosalia, akalifungua mbele yangu. Inzi wakatua shingoni mwangu, mikononi, juu ya tumbo. Niliogopa, nisikudanganye, lakini sikusogea.

"Huyu ni mkwe wangu, amebeba mjukuu wangu. Mimi sina hofu. Nani ana hofu hapa?"

Wakaangusha fimbo, wakaondoka mmojammoja. Hakuna aliyesema samahani. Mimi nilijifungua salama, na baada yake nikazaa wengine. Lakini wenye mradi wa inzi waliondoka na hawakurudi, na maembe ya msimu ule yakaozea chini. Zabuloni hakuulizwa na mtu, akaendelea kuuza dawa zake. Salamu yake sijaiitikia mpaka leo.

Spesioza alikimbilia kambi ya wakimbizi, kwa ndugu zake. Tulimfuata na Bi Tereza kumwomba radhi. Hakucheka tena.

"Mkono utaunga, mama," alisema. "Ila kwetu pia ilianza hivihivi. Watu wanasema, watu wanasema. Kisha tukakimbia."

Kidahwe hakukanyaga tena.

Sasa wewe! Jana nimekusikia ukicheza sauti kwenye simu, ya mtu asiye na jina, eti watu wa kambini wanatia sumu visimani. Ukacheka, ukawatumia wenzako. Unajua umemvunja nani mkono?

Jambo usilolielewa, nenda kwa anayelijua, umuulize mpaka achoke. Neno likianza kwa kutaja kabila la mtu, liishie kwako. Na ukikuta mtu anapigwa, ingia katikati. Usisimame kando ukingoja kuona itakuwaje. Leo hii, kabla hujala chakula changu, waandikie wote uliowatumia, uwaambie ni uongo.

Ukishafanya hivyo, Mungu akupe moyo wa kuuliza na ulimi mzito wa kusingizia. Akupe watoto na wajukuu wakulie hapa kwetu kwa amani. Usije ukamkimbia mtu, mwanangu, wala mtu asije akakukimbia wewe.