Bibi Harusi wa Uzi

Mtoto wa madam anapolala, yaya wa nyumba moja ya Al-Safa, ughaibuni, hudarizi kitambaa cha zawadi, simu ikiegemea kopo la maziwa. Kwenye kioo cha simu kuna picha anayoiiga, ya binti yake na mchumba, ambao harusi yao yeye ataikosa. Hulamba uzi, hutunga sindano kwa mara moja, na gauni lote amelishona bila kusita. Ni mdomo wa binti unaomshinda. Uzi ukizidi kidogo, bibi harusi ananuna. Ukipungua, mdomo hauonekani. Hufumua, hushona, hufumua tena, na sasa kitambaa kimeanza kutoboka.

"Huyu ni bibi harusi ama ameumwa na nyuki?" Emmaculate, mpishi wa humo, alimcheka jana. Leo jioni anasafiri kwenda Kenya, na ndiye atakayeibeba zawadi. "Wageuze, dada. Shona migongo, halas, yaishe!"

Lakini picha haikuonyesha migongo. Asubuhi hii akampigia binti kwa video, akamwomba avae gauni la harusi na ageuke. Akaona vifungo, akaona mshono wa kiunoni.

"Umeona, mama?"

Alikuwa ameona vyote. "Bado," akasema. "Hebu tembea polepole hadi mlangoni, kama siku yenyewe."