Mwalimu Melkiadi Asafisha Wimbo

Mwalimu Melkiadi alikuwa na kazi ambayo hakutumwa na mtu: kuwalinda watu wa Mpanda wasisikie uchafu. Alipostaafu ualimu mkuu alikaa nyumbani mwaka mzima akigombana na kuku, mpaka mkewe Theopista akaanza kuwaonea kuku huruma, ndipo akabuni Jioni Safi. Kilikuwa kipindi cha kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia, kikirushwa moja kwa moja na televisheni ya kebo ya mjini: kwaya, ngonjera, vichekesho visivyomchekesha mtu sana, na mtoto mmoja wa kukariri mikoa ya Tanzania. Mdhamini alikuwa chama cha wakulima wa tumbaku, kwa hiyo kipindi kilifunguliwa kwa shairi la kulisifu jani lililotusomeshea watoto. Katika hilo Mwalimu hakuona tatizo. Moshi wenye mwenyekiti na muhuri aliuheshimu.

Kipindi kile kilimrudishia jina. Sokoni walimpisha, mafundi baiskeli walimwita Mwalimu wa Tivii, naye akajifanya hapendi. Ndiyo maana moyo ulimlipuka siku Osward, mwenye kebo, alipokuja kumwambia kwamba watazamaji wamekimbia. Vijana wanataka wimbo unaopigwa kwenye bodaboda zote sasa hivi, Osward alisema. Wasipoupata, muda ule ataweka filamu za Kikorea zilizotafsiriwa. Upande wa pili alisimama Nathanael, mwenyekiti wa parokia na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye alishaonya kwamba likiimbwa neno moja la bangi ndani ya ukumbi ule, funguo zirudi kwake. Kwa hiyo Mwalimu alitakiwa auimbishe wimbo wa bangi bila bangi, vinginevyo arudi kwa kuku.

Wimbo wenyewe ulitoka Dar es Salaam, na kibwagizo chake kilikuwa hivi:

Nishike mkono tupande mlima,
pafu mbili za msokoto, tutafika mapema.

Mwalimu alijifungia nao chumbani wiki nzima, kama mtu anayesahihisha mitihani ya taifa. Masikio yake hayakuwa ya ujana tena, akanunua spika kubwa. Kila mstari aliusimamisha, akaurudisha, akausikiliza upya. Aliwaita vijana wa kwaya wamweleze pafu ni nini na msokoto ni nini, nao wakamweleza kwa adabu kubwa na kwa undani uliomtia wasiwasi. Dirisha aliliacha wazi kwa sababu ya joto. Mwisho alifurahi kweli kweli, kwani aligundua kwamba ukiyatoa yale maneno ya katikati unabaki na watu wawili wanaopanda mlima wameshikana mikono, jambo ambalo hata Nathanael angelibariki. Mahali pa maneno akaweka ngoma tupu, kisha kwaya inamalizia. Hakutaka kutunga maneno mengine. Yeye alikuwa mchujaji, si mtunzi, na tofauti hiyo aliionea fahari.

Hapo alikosea, na lilikuwa kosa la mtu aliyekaa ofisini mpaka akasahau alikozaliwa. Watu wa huku wamelima wakiimba. Msukuma na ng'ombe wake, Mkonongo na mizinga yake ya nyuki, Mpimbwe na mpunga wake, wote wamejua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao kwamba mmoja akianzisha wengine wanapokea, na ngoma ikibaki peke yake ujue ni zamu yako. Ukiwaachia nafasi katika wimbo ni sawa na kuwaandalia ugali na kuwaomba wautazame tu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nathanael alikaa mstari wa mbele, suti imefungwa vifungo vyote, amekuja kulinda maadili. Kwaya ikasimama na sare zake za vitenge, ikaimba nishike mkono tupande mlima, ikanyamaza. Ngoma ikalia. Ukumbi mzima ukapokea: pafu mbili za msokoto. Wala hawakupiga kelele za wahuni. Waliimba vizuri, kwa sauti nne, akina mama wa jumuiya wakiishika alto bila kuyumba. Mwalimu, aliyesimama nyuma ya kamera, alijipa moyo kwamba imetokea bahati mbaya. Kibwagizo kiliporudi alimwona Nathanael amefumba macho, anateremsha besi. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake baada ya misa halmashauri ya parokia ilikaa, naye akaenda na funguo mfukoni, tayari kuzikabidhi. Ila ili ahukumiwe ilibidi mtu aseme ni neno gani liliimbwa na ni nani aliliimba. Kila mjumbe aliyefungua mdomo alitazamwa na wenzake, akaishia kukohoa. Nathanael alisema yeye alisikia ngoma tu, tena ngoma nzuri. Ikaonekana wajumbe wote walisikia ngoma. Kikao kikafungwa kwa sala, na kabla Mwalimu hajafika nyumbani Osward alishampigia kumwambia kwamba watazamaji wamerudi na wimbo urudiwe wiki ijayo.

Kipindi kilipona, lakini Mwalimu aliumia. Alikaa mezani hagusi chakula, akiuhurumia mji uliooza mbele ya macho yake. Kilichomkata maini zaidi ni kwamba katika marudio ya kipindi alimwona Theopista mwenyewe, katikati ya akina mama, mdomo wazi.

"Mama Recho," alisema, "hata wewe? Wimbo ule umeujulia wapi?"

Theopista alimnawisha mikono kwanza, bila haraka, akamsogezea samaki wake, migebuka ya mchuzi.

"Baba Recho, mimi redio sina, simu yangu ya tochi. Si wewe uliyeupiga humu ndani wiki nzima? Ukifika kwenye msokoto unarudisha, ukifika unarudisha. Mtaa wote tumejifunzia kwenye dirisha lako. Nathanael alikuwa anahamishia kiti ukutani, anasema mwalimu anafundisha vizuri huyu."

Mwalimu alikata tonge, akalichovya mchuzini. Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anapasua kuni huku akiimba kwa besi, nishike mkono tupande mlima, kisha akanyamaza. Mwalimu Melkiadi, tonge likiwa njiani kwenda mdomoni, alijikuta amepokea.